Shingo Si Hakimu wa Tezi

Imeenea mijini na mashambani itikadi ya kwamba maradhi ya tezi ya shingo ni rovu na rovu peke yake. Kwamba mtu ambaye shingo yake haina uvimbe wa kuonekana wala wa kushikika hana haja ya kuishuku tezi hiyo. Na kwamba kila aliyevimba amekosa madini joto, basi na ale chumvi ya pakiti atapona. Nimeisikia kwa wenye maduka, nimeisikia kwa walimu, na, jambo linalohuzunisha zaidi, nimeisikia kwa baadhi ya watumishi wa afya ambao huitupia shingo ya mgonjwa jicho moja kisha wakapitisha hukumu. Naipinga itikadi hii kwa kila nguvu niliyo nayo, kwa kuwa inawaacha watu, na hasa wanawake, katika mateso ya miaka mingi ilhali dawa ya mateso hayo ipo, nayo ni kidonge kidogo cha kumeza asubuhi kabla ya kufungua kinywa.

Kwa insafu yapasa kukiri kwamba itikadi yenyewe haikuzuka pasipo asili. Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na katika kisiwa cha Idjwi ndani ya ziwa Kivu, ardhi ni fukara wa madini joto, na rovu lilikuwa jambo la kawaida vijijini. Wataalamu waliofanya kazi Idjwi katika miaka ya 1960 na 1970 walibaini kwamba mihogo isiyotayarishwa vema ilizidisha balaa, maana sumu yake, ikishageuzwa mwilini, huizuia tezi isiyanase hata madini joto machache yaliyopo. Chumvi iliyotiwa madini joto ililiondoa janga hilo kwa kiasi kikubwa, na mwenye akili timamu hawezi kuibeza. Lakini chumvi huziba upungufu wa madini joto na si zaidi ya hapo. Tena katika miaka ya 1990, huko Zimbabwe na huko huko Kivu, ilipowafikia kwa wingi watu ambao tezi zao zilikaa na njaa muda mrefu, wako miongoni mwao walioshikwa na mapigo ya moyo ya mbio, mikono ikatetemeka, wakakonda, kwa sababu tezi hizo zilikuwa zimekwisha zoea kujiendesha zenyewe bila kutii amri. Kitu kile kile kinachosifiwa kuwa dawa ya kila tezi kiliwafungulia wengine mlango wa maradhi.

Yapo maradhi ambayo chumvi haina mkono nayo kabisa katika kuyaponya. Mwaka 1912 tabibu wa Kijapani, Hashimoto Hakaru, alichapisha habari za wanawake wanne waliokatwa tezi zao, akaeleza jinsi nyama ya tezi ilivyokuwa imevamiwa na chembe nyeupe za damu, ijapokuwa sababu yake hakuijua. Ilikuwa mwaka 1956 ambapo Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao huko London walionyesha kwamba katika damu ya wagonjwa wa namna hiyo zimo kingamwili zinazoipiga vita tezi ya mwenyewe; yaani kinga aliyopewa binadamu imlinde imegeuka adui wa kiungo chake. Ithibati ilipatikana katika damu. Tena kinga hiyo ikiendelea kuitafuna tezi, aghalabu tezi husinyaa badala ya kuvimba, na hapo mwenye ugonjwa mkubwa huwa na shingo nyembamba kuliko ya jirani yake aliye mzima.

Mtazame mama wa Tanga anayejitanda shali katikati ya joto la kaskazi, wakati wenzake wanajipepea kwa vipepeo vya ukindu. Sauti yake imekwaruza, ngozi ya viwiko imekauka, nywele zinatoka kwa mafungu kila akichana, tumbo limefunga, hedhi imekuwa nzito na isiyo na hesabu, na uso umejaa asubuhi hata macho yakawa madogo. Nyumbani anaitwa mvivu. Majirani wanasema amechezewa. Zahanati imempa vidonge vya kuongeza damu. Shingo yake haina kitu, kwa hiyo tezi haikutajwa na mtu yeyote.

Damu yake ingesema. Hutolewa kidogo mkononi, huachwa igande katika kichupa, kisha huzungushwa kwa mashine mpaka maji ya manjano hafifu yajitenge juu, nayo ndiyo hupimwa. Kipimo cha kwanza ni TSH, homoni inayotoka katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo kazi yake ni kama ya msimamizi: kibarua akilegea, hupaza sauti. Uzuri wa kipimo hiki ni wepesi wake wa kuhisi, kwa kuwa homoni ya tezi ya shingo, T4, ikipungua kidogo tu, TSH hupanda maradufu kwa maradufu. Kwa mtu mzima kiwango chake cha kawaida, kwa maabara nyingi, ni takriban 0.4 mpaka 4.0; karatasi ikisomeka 38, na T4 ikawa chini, hakuna tena nafasi ya kubishana juu ya uvivu wala uchawi. Kingamwili dhidi ya tezi zikipimwa na kuonekana, sababu nayo imejulikana. Hata hivyo kingamwili peke yake si amri ya kumeza dawa, maana wako watu wengi wenye siha njema walio nazo. Hao hufuatiliwa tu.

Wala sisemi kwamba karatasi ya maabara haikosei. Wanawake wanaotokwa na nywele hununua katika maduka ya vipodozi vidonge vya biotini, na biotini nyingi katika damu huvuruga mashine za aina fulani, ikaishusha TSH na kuipandisha T4 kwa uongo, hata mwenye tezi iliyolala akaonekana kana kwamba tezi yake inakwenda mbio. Kwa hiyo vidonge hivyo vitajwe mbele ya tabibu, na viachwe siku kadhaa kabla ya kupima. Vivyo hivyo, aliyeanzishiwa dawa asikimbilie maabara baada ya juma moja. TSH huhitaji muda wa wiki sita hivi kutulia.

Linalonichoma zaidi ni habari ya wajawazito, kwa sababu katika nusu ya kwanza ya mimba ubongo wa mtoto hutegemea homoni ya mama. Na kwa watoto wenyewe, jimbo la Quebec huko Kanada lilianza mwaka 1974 kupima tone la damu ya watoto wachanga ili kuwaokoa wale waliozaliwa na tezi isiyofanya kazi. Kwetu desturi hiyo haijawa ya kila hospitali. Nazisihi wizara zetu za afya zihakikishe kwamba kipimo cha TSH, pamoja na vitendanishi vyake, kinapatikana katika kila hospitali ya mkoa, na kwamba mjamzito mwenye dalili, au mwenye ndugu waliougua tezi, anapimwa mapema. Nawe msomaji, ukijiona katika habari za mama yule wa Tanga, usikubali kurudishwa nyumbani kwa kutazamwa shingo: omba damu yako ipimwe.