Kabla ya kumshuku jirani, fungua tangi la choo

JICHO LA UANI
Na Zuhura Kipande

Nyumba niliyopanga Tabata miaka ya nyuma ilikuwa na wapangaji watano, choo kimoja cha ndani na mita moja ya maji. Kila mwisho wa mwezi mwenye nyumba alitutumia bili kwenye simu, nasi tukagawana kwa idadi ya vichwa. Mwezi mmoja bili ikaja karibu mara mbili. Uliofuata ikaja vilevile. Kikao kikaitwa uani, na chai haijapoa, mkosaji akapatikana: dada wa chumba cha nyuma, mama wa pacha wa miezi minne. Anafua nepi mno, watu wakasema. Nilikuwepo kikaoni, na sikumtetea.

Tangu siku ile dada yule alifua nepi kwa maji ya kununua, dumu kwa dumu, kwa muuza maji wa mkokoteni. Bili haikushuka. Usiku mmoja, kama saa nane, nilitoka kwenda msalani. Nyumba nzima imelala, koki zote zimefungwa. Nikamulika mita kwa tochi ya simu. Kigurudumu kilikuwa kinazunguka polepole, bila kusita.

Kesho yake tukakubaliana: kila mmoja achote ndoo yake mapema, kisha asiguse koki mpaka asubuhi, wala asivute maji ya choo. Nikasoma mita saa nne usiku, nikaisoma tena saa kumi na mbili alfajiri. Lita 120 zilikuwa zimekwenda, na hakuna aliyeoga wala kufua. Hizo ni lita 15 kwa saa, lita 360 kwa siku, yaani ndoo kubwa kumi na nane. Kwa mwezi ni lita 10,800, na kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000, tulikuwa tunalipia karibu uniti kumi na moja ambazo hazikumwosha mtu. Nepi za pacha wawili zisingefika huko hata zingefuliwa mara tatu kwa siku.

Wahenga walisema chururu si ndondondo. Koki ya jikoni ikidondosha, tunaisikia na kukereka, na tutamtafuta fundi. Tangi la choo, ambalo ndilo lililotuponza, halidondoshi, linachuruzika, na linachuruzikia ndani ya sinki la choo, mahali ambapo maji yapo siku zote. Sakafu haioti unyevu, ukuta haubabuki. Uvujaji wa namna hii unaweza kuishi nasi mwaka mzima, na ushahidi wake ukawa bili tu. Na bili haitaji jina la mtu wala la kifaa. Jina tunalitia wenyewe, na mara nyingi tunalitia jina la mnyonge wa nyumba.

Kwa viwango vinavyotumika duniani katika kambi za wakimbizi na maeneo ya maafa, mtu mmoja asipate chini ya lita 15 za maji kwa siku. Choo chetu kilikuwa kinameza kima cha chini cha watu ishirini na wanne. Na maji hayo hayakuokotwa njiani. Yanavutwa kutoka Mto Ruvu, yanasafishwa na kutiwa dawa kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, kisha yanasukumwa kwa umeme hadi jijini. Oktoba 2022, kina cha mto kiliposhuka kwa ukame, tuliwekwa kwenye mgao na tukakesha na ndoo. Ni maji yale yale.

Kugundua ugonjwa hakukutosha kuuponya. Fundi wa kwanza alikuja na floti mpya mkononi kabla hajafunua mfuniko. Akaifunga, akalipwa, na mita ikaendelea kuzunguka. Wa pili akang'oa mashine nzima ya ndani, akaweka nyingine inayong'aa. Wiki mbili tukapumua, kisha mchuruziko ukarudi. Wa tatu alikuwa mzee, mkoba wake umechakaa. Hakushika spana. Aliomba glasi ya juisi ya rosela.

Alifunua tangi, akamimina ile juisi nyekundu ndani, akafunika. “Mwanangu,” akaniambia, “kaa nusu saa, mtu asivute.” Tulipochungulia, maji ya sinki yalikuwa yamegeuka mekundu. Akafunga koki ndogo ya ukutani, akavuta maji yote, akapitisha kidole kwenye ukingo wa tundu ambao raba ya chini huukalia. Ukingo ulikuwa na ukoko mgumu wa chumvi. Wakati wa mgao nyumba ile ilijaza simtanki kwa maji ya kisima, na visima vingi vya ukanda wetu wa pwani vina chumvi. Ukoko ule uliizuia raba isikae sawasawa, hata iwe mpya kiasi gani. Mzee akaulowesha kwa siki, akausugua kwa kitambaa mpaka ukawa laini, akabadilisha raba peke yake. Bei ya raba ilikuwa sawa na sahani ya wali maharage kwa mama ntilie.

Kwa hiyo naomba msomaji ajue kwamba tangi la choo lina magonjwa mawili makubwa. La kwanza liko juu: koki inayoingiza maji haifungi. Pengine boya limetoboka na kuingia maji, pengine limekwama ukutani mwa tangi, au mchanga umenasa kwenye washa, jambo la kawaida mabomba yanapofunguliwa baada ya mgao na kuja na uchafu wake. Hapo utaona maji yamepanda hadi kwenye bomba la kufurikia na kuingia humo. Yanapaswa kukomea kama sentimita mbili au tatu chini ya mdomo wa bomba hilo. La pili liko chini, kwenye raba, nalo hulioni kwa macho. Kipimo chake ni rosela au rangi ya chakula. Kukiwa na maji sakafuni nyuma ya choo, hilo ni jambo jingine: kagua boliti na raba zinazounga tangi na sinki.

Raba ya chini itachoka tu, hata mtumie choo kwa adabu namna gani. Uingereza, kwa miaka mingi, kanuni za maji zilitaka matangi ya saifoni, ambayo lazima maji yanyanyuliwe kwanza ndipo yatoke, kwa hiyo hayana raba ya kuvuja chini. Kuanzia 2001 matangi ya raba yakaruhusiwa, na leo vyoo vinavyovuja kimyakimya ni kero kubwa kwa kampuni zao za maji. Sisi tunatumia matangi hayo hayo ya raba, tena kwa maji yenye mchanga na chumvi. Kuyakagua ni sehemu ya kuyamiliki.

Nawageukia wenye nyumba. Tangi ni mali yenu, si la mpangaji. Mnapomwambia ajitengenezee, atafunga koki na kuvuta kwa ndoo, au ataacha maji yaende kwa kuwa bili inagawanywa na watu watano. Nawageukia pia wenye maduka ya vifaa. Wekeni raba na washa za kuuza mojamoja, ili mtu asilazimike kununua mashine nzima kwa ajili ya kipande kinachoenea kiganjani. Na mafundi, funueni mfuniko kabla ya kutaja bei.

Bili ya mwezi uliofuata ilirudi ilipokuwa. Mama wa pacha alikuwa ameshahama, wiki tatu kabla mzee hajafika. Nilimtafuta kwa simu nikamwomba radhi. Alinisamehe, lakini chumba kingine alikuwa ameshakilipia kodi ya miezi sita.

Leo usiku, wenzako wakishalala, soma mita. Alfajiri isome tena kabla mtu hajagusa koki. Namba zikiwa zimesogea, usiite kikao. Nenda kafunue tangi.