Kwetu Tulikotoka, Kwetu Tulipo



Likizo ya mwezi wa Agosti tulimpeleka mwanetu Lamu akamsalimie bibi yake. Mtoto huyu amezaliwa Nairobi, na hiyo ndiyo iliyokuwa mara yake ya kwanza kukaa kule zaidi ya siku mbili. Asubuhi moja bibi alikuwa ameketi akipepeta mchele, akamwita mjukuu wake kwa mapenzi: "Ndoo, babaangu, ndoo!" Mtoto akatoka mbio, akarudi na ndoo ya maji, akaiweka mbele ya bibi kwa adabu.

Sote tulicheka. Kwa watu wa Lamu, ndoo ni kumwambia mtu aje. Kwa mtoto wetu, ndoo ni chombo cha kutekea maji. Bibi naye alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso, kisha akatuuliza swali moja tu: "Kwani huko kwenu hamumwiti?" Tulikosa la kujibu, na swali hilo tumerudi nalo.

Sisi tuliohama mwambao tukaja bara kutafuta riziki, tukikutana harusini au matangani, mazungumzo yetu huanzia jikoni. Huyu anautamani mkate wa mofa ungali moto. Yule anamtamani samaki aliyetoka baharini asubuhi hiyo hiyo. Mwingine anakumbuka harufu ya asmini zinapochanua jioni. Mwezi wa Julai, Nairobi inapofunikwa na mawingu na baridi, tunaukumbuka upepo wa kusi. Ukiingia Mfunguo Sita, nyoyo zetu huelekea msikiti wa Riyadha, wageni wanapomiminika kwa ajili ya Maulidi.

Hata hivyo, baadhi ya hayo hutufikia. Achari na halua hufungwa vizuri, zikavushwa kwa mashua hadi Mokowe, zikapakiwa basini, nasi tukazipokea. Lipo jambo ambalo halifungiki katika kifurushi, na hilo ndilo tunaloliwaza leo.

Wanaoujua mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, wanajua wikio ni nini. Ni chumba kilichojengwa juu ya njia, kikaunganisha nyumba mbili. Kwa wikio, mwanamke aliweza kutoka kwake akaingia kwa jamaa yake bila kushuka mtaani. Chumvi ikimwishia, mtoto akilia usiku, uchungu wa uzazi ukimwanza, mtu wa kumsaidia alikuwa hatua chache tu. Huku tulipo, ukuta ni mwembamba hata tunasikia kikohozi cha jirani, lakini jina lake hatulijui.

Mmoja wetu alijifungua hapa Nairobi. Mumewe alirudi kazini siku ya pili, kwa kuwa hakuwa na budi. Arubaini yake yule mama aliimaliza peke yake, asiwe na wa kumkanda wala wa kumpikia uji wa pilipili manga. Alipotusimulia baadaye, hakuitaja mofa wala asmini. Alisema kwamba siku zote arubaini alikuwa akisikiliza mlangoni, labda mtu atapiga hodi. Na sisi wenziwe tulikuwa mji huo huo, kila mmoja amejifungia kwake akilililia Lamu.

Hatusemi kwamba kwetu kulikuwa pepo. Tuliondoka kwa sababu: wengine kazi, wengine masomo, wengine matibabu. Moyo wenye hamu huchagua cha kukumbuka. Lakini watoto wakitusikia kila siku tukiulilia mji wa kule na kuulaumu mji wa hapa, wanajifunza mambo mawili: kwamba hapa walipozaliwa si kwao, na kwamba kwao ni mahali wasipopajua. Mtoto wa namna hiyo atasimama wapi?

Hamu ya nyumbani si udhaifu wa imani. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia, katika Hadithi iliyomo ndani ya Sahih al-Bukhari, kwamba Waislamu walipohamia Madina, Abu Bakr na Bilal (r.a.) walishikwa na homa. Kila homa ilipompungukia, Bilal alikuwa akipaza sauti kwa mashairi ya kuitamani Makka: majani yaotayo katika mabonde yake, maji yake na milima yake. Makka hiyo ndiyo aliyoteswa ndani yake. Hata hivyo alizitamani nyasi zake.

Bibi Aisha alipompa Mtume (s.a.w.) habari hiyo, Mtume aliomba dua. Hakuomba Makka itoke katika nyoyo za Sahaba zake. Alimwomba Mwenyezi Mungu awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka, au zaidi. Aifanye mji wa afya. Na awabarikie pishi yake na kibaba chake. Tuitazame dua hiyo, enyi mama na dada zetu. Imeanza na mapenzi ya moyoni, ikafikia vipimo vya nafaka tunavyovishika jikoni. Kumbe moyo mmoja unaweza kubeba miji miwili, na mji mgeni hupendeka pale watu wake wanapopimiana chakula na kupeana.

Basi, tangu tuliporudi kutoka Lamu, tumejiwekea mambo mawili. La kwanza ni lugha. Kila Ijumaa baada ya Alasiri tunampigia bibi simu, na mtoto huzungumza naye kwa Kiamu, hata akikosea. Bibi ni mtu mzima. Hatujui ni Ijumaa ngapi amebakishiwa. Maneno yameanza kuingia: ndia, mato, mai. Juzi tulimsikia akimwita dada yake mdogo aje kula: "Ndoo!" Na yule mdogo akaja mbio, mikono mitupu.

La pili ni ujirani. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr (r.a.) kwamba apikapo mchuzi aongeze maji, awakumbuke majirani zake. Tulipika kaimati, tukapeleka sahani mlango wa pili, kwa mama mmoja ambaye kwa miaka mitatu tulikuwa tukipishana naye ngazini kwa salamu ya haraka. Hakuirudisha sahani tupu. Aliijaza viazi vitamu vilivyotoka shambani kwao Kisii. Akaketi, akatueleza jinsi anavyoikumbuka mvua ya kwao inaponyesha juu ya migomba. Kumbe alikuwa na hamu kama yetu, na ukuta mmoja tu ulitutenga.

Hatuwezi kujenga wikio kati ya nyumba za kupanga. Lakini tunaweza kubisha hodi. Kama jirani yako amejifungua juma hili, au amefiwa, au amehamia tu na bado anatafuta duka la karibu, usingoje akuite. Na kama una mzee aliyebaki nyumbani, mpe mtoto wako simu leo, kabla ya Magharibi.

Ewe Mola wetu, turehemu wazee wetu tuliowaacha tulikotoka, wapendezeshee watoto wetu pale tulipo, na utubarikie pishi yetu na kibaba chetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.