Mazungumzo Yasiyohitaji Kibali

Liko jambo ambalo watawala wa nchi hii, wakoloni na waliowarithi, waliliogopa kuliko mkutano wa hadhara wa wanasiasa. Waliwaogopa wanakijiji walioketi pamoja, bila mgeni wa heshima, wakiulizana ni kwa nini watoto wao hawasomi, shamba lile la ng'ambo lilikuwa la nani kabla ya mzungu, na homa hii inayowamaliza wachanga inatoka wapi. Mkutano wa mwanasiasa hutawanywa kwa jioni moja. Mazungumzo ya namna hii hayana jukwaa la kubomolewa wala kipaza sauti cha kunyang'anywa, na kesho yake watu hukutana tena kisimani.

Huko Kamĩrĩĩthũ, hata hivyo, jukwaa lilikuwapo, na likabomolewa.

Kamĩrĩĩthũ ni kijiji cha Limuru, katika Kiambu. Kilizaliwa wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipowang'oa watu katika makao yao na kuwarundika mahali pamoja ipate kuwachunga. Mwaka 1976 mama mmoja wa kijiji hicho alikwenda nyumbani kwa Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo mkuu wa idara ya fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akamwuliza ni kwa nini yeye na wasomi wenzake wasikiletee kijiji sehemu ya elimu waliyoipata. Hakwenda mara moja. Alirudi Jumapili baada ya Jumapili mpaka akakubaliwa. Tunamtaja mama huyu kabla ya wasomi kwa makusudi, kwa maana vitabu vimemkumbuka mwandishi na kumsahau yeye aliyebisha hodi.

Kazi ilianza kwa kisomo cha watu wazima, Ngũgĩ wa Mĩriĩ akiwa mmoja wa walioiongoza. Wanafunzi hawakufundishwa herufi kwa sentensi zisizowahusu. Walisoma na kuandika habari za maisha yao wenyewe, yaani mshahara, shamba, bei ya unga. Kutokana na kisomo ukatokea mchezo wa kuigiza, Ngaahika Ndeenda. Akina Ngũgĩ wawili waliuandika mswada, lakini haukubaki mali yao. Ulisomwa mbele ya watu na watu wakausahihisha. Wazee waliokumbuka Hali ya Hatari walirekebisha historia yake, wenye lugha wakarekebisha lugha yake, na waliofanya kazi viwandani na katika mashamba makubwa wakaeleza jinsi mfanyakazi anavyosema na tajiri wake. Wanakijiji walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kukaliwa na watu zaidi ya 2,000. Mazoezi yaliwekwa alasiri za Jumamosi na Jumapili, asubuhi ya ibada isiguswe. Neno hili tunaliandika kwa ajili ya wale ambao mpaka leo huambiwa kwamba mwamko wa wananchi ni adui wa Kanisa.

Mchezo ulifunguliwa Oktoba 1977. Novemba ya mwaka huo huo serikali ikakiondoa kibali chake. Mwaka ukiwa unakwisha Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila ya kufikishwa mbele ya hakimu. Machi 1982 chama cha wanakijiji kilifutwa katika daftari la serikali, na polisi wakaenda wakaubomoa ukumbi. Juni 1982 Bunge likaingiza kifungu cha 2A katika Katiba, na Kenya ikawa kwa sheria nchi ya chama kimoja. Msomaji aitazame kalenda hiyo kwa makini. Hatusemi kwamba jambo moja lilileta jingine. Tunasema tu kwamba miezi mitatu kabla ya kuwakataza Wakenya kuunda chama cha pili, serikali iliona ni lazima kwanza iwakataze wanakijiji kuigiza maisha yao.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Katika miaka ya 1930 wazazi wa Mkoa wa Kati walijichangia shilingi na mbuzi wakajenga shule ambazo hazikuwa za serikali wala za misheni, na mwaka 1939 Mbiyu Koinange akaanzisha chuo cha walimu cha Gĩthũngũri. Shule hizo zilifungwa mwaka 1952, na pale Gĩthũngũri, palipofundishwa walimu, wakoloni wakapageuza pahali pa kunyongea watu. Mtoto wa Kiambu anayepita hapo leo akienda shuleni ana haki ya kuyajua hayo, na ayasikie kwa babu na nyanya zake kabla hawajaondoka, si katika mtihani peke yake.

Lakini tusiwasifu wahenga wetu kwa upofu. Shule zile zilikua kutokana na ugomvi wa mwaka 1929 kati ya misheni na wazazi juu ya tohara ya wasichana. Palikuwa na kiu ya elimu ya kweli na uhuru wa kweli, na papo hapo palikuwa na desturi iliyowaumiza mabinti ambao hakuna aliyewauliza kitu. Baraza likiketi wazee peke yao hutetea mambo ya wazee. Ndiyo sababu tunashikilia kwamba mazungumzo yoyote ya kijiji yasiyo na mama, msichana na kijana asiye na kazi ni mkutano wa kamati tu, hata kama yamefanyika chini ya mti.

Kwa upande wa afya upo mfano usiosikika sana, nao ulitokea ndani ya Kanisa. Saradidi, huko Asembo katika Siaya, mwishoni mwa miaka ya 1970, Waanglikana na majirani zao walikaa wakazungumza ni mambo gani yanayowarudisha nyuma, wakaamua wenyewe lipi litangulie. Walichagua miongoni mwao watu wa kujitolea, na watu hao wakafunzwa kutoa dawa ya malaria nyumbani kwa wagonjwa, mahali ambapo zahanati ilikuwa safari ya nusu siku. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya wa jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima. Ni jambo jema. Swali letu ni moja: katika kijiji chako, huyo aliyepewa mkoba wa dawa alichaguliwa katika kikao gani, na nani aliketi hapo?

Sisi tuliopigania mageuzi tulidhani tatizo ni kibali. Kwa miaka mingi ilikuwa hivyo kweli. Bila karatasi ya Mkuu wa Wilaya watu hawakuweza kukutana. Chifu alikuwa na baraza lake, nalo lilikuwa la kusikiliza. Kanisa likawa karibu pahali pa pekee ambapo Mkenya aliweza kusimama akanena. Ndipo wachungaji wa Baraza la Makanisa walipoukataa mlolongo mwaka 1986, ndipo Timothy Njoya alipohubiri siku ya Mwaka Mpya wa 1990, ndipo maaskofu Henry Okullu na Alexander Muge waliposema yale ambayo wabunge hawakuthubutu kuyasema. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Mwaka 1997 sheria ya kibali ikabadilishwa, ikabaki kuwapa polisi taarifa tu. Katiba ya 2010 katika kifungu cha 37 inampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha, na katika kifungu cha 10 inautaja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa misingi ya utawala.

Mlango umefunguliwa. Je, tumeingia?

Twende tuone jinsi huo unaoitwa ushiriki wa umma unavyofanywa mara nyingi. Tangazo linawekwa gazetini, nalo gazeti halifiki kijijini. Hema linasimamishwa. Mswada wenye kurasa nyingi unaletwa kwa Kiingereza, ingawa kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Watu wanatia sahihi, wanapewa soda na nauli, wanakwenda zao, na kwa sahihi zile inathibitishwa kwamba wameulizwa. Hasira iliyowamwaga vijana barabarani Juni 2024, mpaka Mswada wa Fedha ukarudishwa, haikuzaliwa siku moja. Ilikuwa hasira ya watu walioandikwa kuwa wamesema, hali hawajasema neno.

Na sisi wenyewe tunayo lawama yetu. Mashirika yetu ya mageuzi yameizoesha nchi warsha za hotelini, hata siku hizi mwanakijiji akiitwa kuzungumzia shule ya mtoto wake huuliza kwanza posho ni ngapi. Hatumlaumu, ameacha kibarua chake, na sisi ndio tuliomfundisha. Lakini Kamĩrĩĩthũ hapakuwa na posho. Makanisa nayo kwa muda mrefu yaliwakabidhi wanasiasa mimbari kwa sababu ya bahasha ya harambee. Tunapongeza uamuzi wa Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa mwaka 2021 wa kuwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia ibadani, na ule wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi wa Novemba 2024 wa kuirudisha michango ya Rais. Ila mimbari iliyonyamazishwa mwanasiasa bado haijampa muumini nafasi ya kuuliza. Baada ya ibada watu husalimiana kisha hutawanyika, na jengo hubaki limefungwa mpaka Jumapili nyingine.

Katika habari ya historia twende kwa uangalifu mkubwa zaidi, hasa ndugu zetu wa Bonde la Ufa. Hadithi ya ardhi ikisimuliwa na ukoo mmoja, mlango umefungwa, huwa kisu. Tuliona mwaka 1992, tukaona tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 walipouawa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipokea taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kwa wananchi, ikamkabidhi Rais ripoti yake Mei 2013, kisha miaka ikapita mingi bila Bunge kuipitisha. Watu waliokwenda kutoa ushahidi wa ndugu zao waliopotea wengine wamekwisha kufa. Hatuoni sababu ya parokia kulingoja Bunge. Lakini masharti ni haya: aliyefukuzwa na jirani ya aliyefukuza wawe katika chumba kimoja, mzee asimulie aliyoyaona na si aliyoambiwa, na kijana aandike.

Tunapendekeza kila kikundi kianze na lililo karibu zaidi, nalo ni shule. Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003 ilianza kutoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Kiwango kilibadilika baadaye, lakini swali halikubadilika: fedha zilizokuja kwa jina la mtoto wangu ni ngapi, zilifika lini, zilinunua nini? Wazazi wanaofukuziwa watoto kwa sababu ya ada zenye majina mapya kila muhula wana haki ya kuliuliza, na mwalimu mkuu mwaminifu, ambaye mara nyingi fedha humfikia zimechelewa na zimepungua, atafurahi kwamba hatimaye kuna wa kumsaidia kuibana Wizara.

Chagueni alasiri moja kabla shule hazijafunguliwa. Wa kanisa, wa msikiti na wasiosali waitwe sawasawa. Mwandikeni mwenyekiti wa halmashauri ya shule barua fupi kwa Kiswahili, mkiomba hesabu za mwaka uliopita; haihitaji wakili wala ada. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inawapa wenye ofisi za umma siku 21 za kujibu. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, muanze kuhesabu.