Fanani Asiye na Jina

Imezuka kauli kwamba vikundi vinavyoigiza maisha ya kale ya Waembu katika tamasha za utamaduni havina haja tena ya kuwaendea wazee wa Kianjokoma, kwa kuwa ngoma zote sasa zimo mtandaoni. Kauli hii haina mashiko.

Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai kwamba fasihi simulizi ifundishwe katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Tangu hapo wahakiki wamekariri kuwa utendaji haukamiliki bila fanani, hadhira na muktadha. Video fupi isiyo na maelezo huvifuta vyote vitatu. Mtazamaji hawezi kujua iwapo wimbo ni wa jando au wa arusi, wala kama ngoma ile ndefu imebanwa mapajani na Mchuka au na Mwembu anayemwiga. Kikundi kikiiga video hiyo, kisha chenyewe kirekodiwe na kuigwa, kosa hugeuka mila.

Watetezi husema wazee wanapungua. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuwahoji sasa. H. S. K. Mwaniki aliijenga historia yake ya Waembu na Wambeere, iliyochapishwa mwaka 1973, juu ya masimulizi ya wazee. Hakuwachukulia kuwa pambo.

Basi rekodi isiyotaja mtendaji, mahali na tukio isiitwe chemchemi ya historia. Ni burudani tu, na anayeiigiza huiga kivuli.