Ukarimu wenye mahesabu: kijana wetu na somo la kusimamia kasino

 

Kila yanapotoka matokeo ya kidato cha sita, meza ya kamati ya msikiti hujaa barua. Wazazi huja kuomba barua za utambulisho, na wengine huomba msaada wa ada kutoka mfuko wa elimu. Mwaka huu limo ombi moja lililozua mjadala mrefu. Kijana wa hapa mtaani, mwenye kuhudhuria darsa na aliyefaulu hisabati vizuri sana, amepata nafasi katika chuo kimoja nje ya nchi kusomea stashahada ya uongozi wa hoteli, mchepuo wa usimamizi wa kasino. Mjomba wake ameahidi kulipa nusu ya ada. Mama yake, ambaye ni mjane, anaiomba kamati nusu iliyobaki.

Baadhi ya wajumbe walisema kwamba elimu ni elimu, na kijana ataamua baadaye aitumie wapi. Wengine walitaka ombi lirudishwe siku ile ile. Kwa idhini ya mama huyo, na bila kumtaja mtu, nimeona suala hili tulitazame hapa kwa utulivu, kwa sababu si nyumba moja tu inayokabiliwa nalo.

Nini hasa husomwa?

Wengi wetu tukisikia kasino hudhani ni jambo la wahuni wa usiku, lisilo na darasa wala kitabu. Sivyo. Jimbo la Nevada nchini Marekani lilihalalisha kamari mwaka 1931, na leo chuo kikuu kilichopo Las Vegas kinafundisha fani hii ndani ya kitivo chake cha ukarimu, kitivo chenye jina la William F. Harrah, aliyekuwa mmiliki wa kasino. Huko Macau pia, mji unaoendeshwa kwa kiasi kikubwa na mapato ya kamari, elimu ya juu ina nafasi kwa fani hiyo.

Mwanafunzi husoma sheria za leseni, uhasibu na udhibiti wa fedha taslimu, matumizi ya kamera za ulinzi, namna ya kutambua fedha haramu zinazotaka kutakatishwa, usimamizi wa wafanyakazi, na mbinu za kuwavuta na kuwahifadhi wateja. Lakini uti wa mgongo wa fani yote ni hisabati ya michezo yenyewe. Hapo ndipo penye funzo kwetu.

Chukua gurudumu la ruleti la Kizungu. Lina vituo 37, kuanzia sifuri hadi 36. Mchezaji akiweka shilingi 1,000 juu ya namba moja na ikatoka, hurudishiwa shilingi 36,000, yaani dau lake pamoja na ushindi wa 35,000. Kwa mtu asiyepiga hesabu hayo ni malipo makubwa. Sasa mtu huyo huyo aweke shilingi 1,000 juu ya kila namba, zote 37. Ametoa 37,000, na kwa vyovyote vile atarudishiwa 36,000. Shilingi 1,000 imebaki kwa mwenye nyumba, na hapakuwa na bahati yoyote ndani yake. Hiyo ni takriban asilimia 2.7 ya kila dau, usiku na mchana. Katika gurudumu la Kimarekani, lenye vituo 38 kwa malipo yale yale, fungu la nyumba hupanda na kufikia zaidi ya asilimia 5.

Kwa hiyo anayebahatisha ni mteja peke yake. Mwenye kasino habahatishi kitu. Mmoja mmoja anaweza kutoka na ushindi, na ushindi huo ndio unaowaita wengine, lakini umma wa wachezaji ukijumlishwa lazima upoteze, kwa kiwango kilichojulikana kabla mlango haujafunguliwa.

Ukarimu wa aina gani?

Fani hii huwekwa chini ya kile tunachokiita siku hizi sekta ya ukarimu. Neno hilo ni zito kwetu sisi. Qur'ani Tukufu, katika Surat adh-Dhaariyaat, inatusimulia habari za wageni wa Nabii Ibrahim (a.s.): aliondoka kimya kimya kwenda kwa ahali zake, akawaletea ndama aliyenona, akawasogezea na kuwakaribisha wale, ilhali hakuwajua ni akina nani. Wazee wetu wa pwani wamelelewa juu ya mwendo huo, mgeni akipewa godoro zuri na mwenye nyumba akilala juu ya mkeka.

Tazama sasa ukarimu unaofundishwa katika usimamizi wa kasino. Meneja hukadiria kiasi ambacho kila mteja anatarajiwa kupoteza. Huchukua wastani wa dau, akazidisha kwa idadi ya michezo kwa saa, akazidisha kwa saa alizokaa, kisha kwa asilimia ya nyumba. Mteja anayeweka shilingi 10,000 kila mzunguko, mizunguko 40 kwa saa, kwa saa 4, atakuwa ameweka madau ya jumla ya shilingi 1,600,000. Asilimia 2.7 yake ni shilingi 43,200. Hiyo ndiyo hasara inayotarajiwa kwake. Kutokana na hasara hiyo hutengwa sehemu, akarudishiwa kwa sura ya chakula cha bure, kinywaji au chumba cha kulala, ili ajione ameheshimiwa na arudi tena. Kadiri anavyotarajiwa kupoteza zaidi, ndivyo anavyokirimiwa zaidi.

Nasi tujiulize kwa insafu: huyu ni mgeni, au ni mbuzi anayenoneshwa? Kijana wetu hataajiriwa kusimama pembeni. Kazi yake itakuwa kuipiga hesabu hiyo, kuitia saini, na kulipwa mshahara kwa kadiri inavyotimia.

Hukumu na hoja za wanaotetea

Hukumu ya kamari haina utata. Surat al-Maaida, aya ya 90 na 91, imeiweka maysir pamoja na ulevi katika uchafu wa kazi ya shetani, ikaeleza kuwa shetani hutaka kwa hayo kutia uadui na chuki baina yetu na kutuzuia na ukumbusho wa Allah na swala. Na katika Sura hiyo hiyo, aya ya 2, tumeamrishwa kusaidiana katika wema na uchamungu, na tumekatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui. Katika ulevi, Mtume (s.a.w.) hakuishia kumlaani mnywaji, laana ilimfika pia mkamuaji, mchukuzi, muuzaji na mwenye kula thamani yake. Kwa mwenye kuendesha kamari kwa wadhifa wa meneja, ni vigumu kuona mlango wa kutokea.

Hoja ya kwanza ya wanaotetea ni ajira na kodi. Ni kweli, kasino huajiri na serikali hukusanya. Hapa Tanzania biashara hiyo inasimamiwa kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, iliyounda bodi ya kuisimamia. Ajabu ni kwamba Qur'ani haikuikana faida hiyo. Surat al-Baqara, aya ya 219, imekiri kuwa katika ulevi na kamari yamo manufaa kwa watu, kisha ikabainisha kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Muislamu, basi, halazimiki kudai kuwa kasino haina faida yoyote. Ameshaambiwa uzani wa faida hiyo.

Hoja ya pili ni kwamba siku hizi hata Waarabu wanaruhusu. Umoja wa Falme za Kiarabu ulitangaza mamlaka ya kusimamia michezo ya kubahatisha mwaka 2023, na mwaka 2024 kampuni ya Wynn ya Marekani ikapewa leseni ya kuendesha kasino katika Ras Al Khaimah. Vijana wetu wengi hutafuta kazi za hoteli huko Ghuba, na bila shaka nafasi hizi zitawafikia. Lakini leseni ya serikali, iwe ya Kiarabu au isiyo ya Kiarabu, haigeuzi haramu kuwa halali.

Hoja ya tatu ni ile ya wajumbe wetu, kwamba elimu ni elimu. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na haifai kupuuzwa. Wanahisabati wa Kifaransa, Pascal na Fermat, waliandikiana barua mwaka 1654 kuhusu mgawanyo wa fedha katika mchezo uliokatishwa, na humo ikakua elimu ya uwezekano ambayo leo inatumika katika bima, tiba na takwimu. Karne nyingi kabla yao, mwanachuoni al-Kindi alihesabu mara zinazojitokeza herufi ili kufumbua maandishi ya siri. Kuijua hesabu ya ruleti si haramu; nimeieleza hapa juu ili tuione hadaa yake. Mkaguzi, polisi na mwalimu wanaweza kuihitaji. Ila mchepuo wa usimamizi wa kasino humwandaa mtu kwa kazi moja iliyotajwa kwa jina lake. Hapo elimu na kazi vimeshafungwa pamoja tangu siku ya kujiandikisha.

Wanaoijua huwalinda watu wao

Tuwatazame wale wanaoijua biashara hii kwa karibu. Monaco imejipatia umaarufu kwa kasino ya Monte Carlo, lakini raia wake wenyewe hawaruhusiwi kucheza humo. Misri huruhusu kasino za hotelini kwa wageni, si kwa Wamisri. Malaysia ina kasino katika milima ya Genting, na Waislamu wamezuiliwa. Singapore ilifungua kasino mbili mwaka 2010, na tangu mwaka 2019 humtoza raia wake dola 150 za nchi hiyo ili aingie kwa siku moja, kusudi asiingie kwa wepesi. Macau nayo, tangu mwishoni mwa 2019, imewakataza wafanyakazi wa shughuli za michezo kuingia katika kumbi za kasino nje ya saa za kazi, isipokuwa siku chache za Mwaka Mpya wa Kichina.

Ni biashara gani ya kheri ambayo mwenye nayo humzuia mwanawe asiitumie? Muuza mkate humlisha mwanawe mkate ule ule anaowauzia watu.

Kukataa peke yake hakutoshi

Nimemaliza upande ulio mwepesi. Upande mzito ni wetu sisi kamati na wazazi. Tukimwambia mjane kwamba mfuko hautalipa, kisha tukafunga faili, tutakuwa tumetoa hukumu bila kubeba jukumu. Kijana aliyefungiwa mlango mmoja bila kuoneshwa wa pili atapita dirishani, na mjomba atamalizia ada.

Nilipendekeza katika kikao, na wajumbe wakaafiki, kwamba nusu ya ada iliyoombwa ibaki imetengwa kwa jina la kijana yule, kwa sharti la kubadili mchepuo. Kipaji chake ni hisabati. Uhasibu, ukaguzi, takwimu na sayansi ya bima vyote vinakihitaji. Benki zinazofuata misingi ya Kiislamu, kama Amana Bank iliyoanza mwaka 2011, zinahitaji watu wanaoweza kupiga hesabu na kumwogopa Allah kwa pamoja. Ikiwa moyo wake uko katika hoteli, basi uongozi wa hoteli na utalii unafundishwa hapa hapa nchini, kikiwemo Chuo cha Taifa cha Utalii, japo huko nako itabidi achague kazi yake kwa uangalifu kwa sababu ya pombe.

Kwa wazazi nina neno moja. Someni barua ya udahili hadi mstari wa mwisho. Stashahada ya uongozi wa hoteli ni jina pana. Mchepuo ndio unaoamua mkate utatoka wapi. Na mjadili na mwanenu kwa hesabu, si kwa makelele. Kijana aliyefaulu hisabati ataielewa shilingi 1,000 ile ya ruleti kuliko vitisho vyetu.

Ama ndugu zetu ambao tayari wanafanya kazi humo, wakiwa na watoto wa kulisha, tusiwakimbie msikitini. Wawaendee masheikh kwa ushauri wa hali zao, kwa kuwa mimi ni katibu, si mufti, na aliyepika jikoni hawi sawa na aliyeendesha meza. Nasi tuwasaidie kutafuta kazi nyingine, maana anayeambiwa toka anahitaji pa kwenda.

Mfuko wetu wa elimu ni mdogo, na maombi ni mengi. Mwenye uwezo wa kuchangia afike ofisini baada ya swala ya Alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Allah awaruzuku vijana wetu elimu yenye manufaa na riziki iliyo safi.

Wabillahi tawfiiq.