Umri wa Tairi



Juma lililopita nilifuatana na shemeji yangu kutafuta matairi mawili ya Vitz yake, gari liwapelekalo watoto madrasa na, siku za mapumziko, Kilifi kwa bibi yao. Muuzaji wa mitumba alitutolea mawili meusi yanayong'aa, mifereji yake ingali na kina, kwa nusu ya bei ya mapya. Mkono wa shemeji ulikwisha kuingia mfukoni.

Nikainama kutazama ubavuni, penye herufi DOT. Mwishoni mwa mfululizo ule huwa mna tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Palisomeka 1412, yaani juma la 14 la mwaka 2012. Mpira huzeeka hata usipoigusa barabara, na jua letu la pwani huuharakisha. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisipite miaka 10, hata likionekana zima.

Muuzaji hakusema uongo, kwani hatukumwuliza. Lakini Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika fungu la chakula sokoni, vidole vyake vilikuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamwuliza mbona hakuuweka juu watu wauone. Tairi kuukuu lililopakwa dawa ya kung'arisha halina tofauti na fungu lile.

Kipimo nacho kisichezewe. Gari lake huvaa 165/70R14: upana milimita 165, kimo cha ubavu asilimia 70 ya upana huo, rimu ya inchi 14. Vijana hupenda tairi pana kwa urembo. Aghalabu hulipa kwa petroli.

Fundi alitaka kuyafunga mapya mbele, kwa kuwa ndiko injini inakovuta. Nilikataa. Yakiwa mawili tu, hukaa nyuma, kwani katika mvua ya masika gari likiteleza nyuma huzunguka, na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha.

Basi shemeji alinunua mapya ya bei ya kadiri, yasiyo na jina kubwa; mengine mawili yatangoja hadi baada ya Idi. Tulipofika nyumbani alifungua buti mwenyewe, akaanza kutafuta tarakimu kwenye tairi la akiba, ambalo hakuna aliyelitazama tangu gari linunuliwe.