Kasi ya Risasi na Daftari la Mwanafunzi

Msafiri atokaye Mwanza kwenda Musoma hupita Lamadi, mahali ambapo barabara ya Bariadi inachepuka. Upande mmoja liko Ziwa Viktoria, na mwendo mfupi mbele liko lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti. Mpunga unapoanza kutoa masuke, watoto hushinda mashambani na manati zao wakifukuza ndege. Mtoto aliyekwisha kukaa msimu mmoja shambani hajivunii jiwe moja lililompata ndege. Anajua kwamba jiwe la pili, kwa mpira uleule na mkono uleule, huenda likapita mbali. Ningependa kueleza kwa nini mtoto huyo, katika jambo hili, ametangulia mbele ya wanafunzi wengi wa fizikia, na kwa nini kosa hilo ni letu sisi walimu.

Tuanze na risasi. Katika nchi kadhaa, Marekani ikiwa mojawapo, wako wapiga shabaha ambao hawanunui risasi zilizokwisha kujazwa kiwandani. Huzijaza wenyewe: hupima baruti kwa mizani nyeti, huitia katika ganda, hukaza kichwa cha risasi, kisha hupiga. (Kwetu Tanzania mambo ya silaha na risasi yanatawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na asiye na kibali haruhusiwi kujaribu. Isitoshe, baruti iliyokosewa hupasua mtutu usoni mwa mpigaji.) Kinachonivutia katika kazi hiyo ni namna watu hao wanavyohukumu iwapo risasi zao ni nzuri. Hawatosheki na tundu moja katikati ya shabaha. Hupima kasi ya kila risasi, huandika, na kulinganisha.

Tutoe mfano wa kubuni. Mpigaji amejaza mafungu mawili, risasi tano kila moja. Fungu la kwanza limempa kasi hizi, kwa mita kwa sekunde: 788, 791, 790, 792, 789. Fungu la pili: 760, 815, 790, 775, 810. Mwanafunzi mwepesi wa hesabu atapata kwamba wastani wa kila fungu ni 790. Je, mafungu hayo ni sawa? Tukiacha ukinzani wa hewa ili hesabu iwe nyepesi, risasi ya kasi ya 760 itakuwa imeanguka sentimita 28 zaidi ya ile ya 815 itakapofika mita 500. Katika fungu la kwanza, tofauti kati ya iliyo kasi zaidi na iliyo polepole zaidi ni sentimita 2 tu. Wastani ni mmoja, lakini fungu moja linaaminika na jingine ni bahati nasibu. Habari yote muhimu imo katika mtawanyiko wa namba, yaani katika kitu kilekile ambacho wanafunzi wetu hukifuta.

Nasema hukifuta kwa kuwa nimekiona. Mwanafunzi anapima mchapuko wa mvutano wa dunia kwa penduli, anapata 9.3, kisha 10.1, kisha 9.6. Anafungua kitabu, anaona 9.8, anachukua kifutio. Daftari linatoka safi, mwalimu anatia alama ya vema, na hakuna kilichopimwa. Mpigaji shabaha anayejidanganya hivyo hugunduliwa na shabaha yake mchana uleule. Mwanafunzi wetu anaweza kujidanganya miaka minne na akatunukiwa cheti.

Sasa, kasi hiyo hupimwaje? Risasi ya mita 800 kwa sekunde hukata umbali wa mita moja kwa sehemu moja ya 800 ya sekunde. Saa ya kubonyeza kwa kidole haifai hata kidogo, kwani kidole chenyewe huchelewa sehemu moja au mbili za kumi za sekunde. Siku hizi vipo vyombo viitwavyo kronografu: macho mawili ya mwanga yaliyotenganishwa kwa umbali maalumu, na saa ya elektroniki kati yake. Kabla ya elektroniki, katika miaka ya 1860, Mbelgiji Le Boulengé alifanya risasi ikate waya mbili. Ya kwanza ilipokatika, fimbo ilianza kuanguka. Ya pili ilipokatika, kisu kilitia alama kwenye fimbo hiyo. Urefu ilioanguka ulieleza muda uliopita.

Lakini mwalimu asiyekuwa na maabara atampenda zaidi Mwingereza Benjamin Robins, ambaye maelezo yake yalichapishwa mwaka 1742. Yeye hakupima muda wa risasi kabisa. Aliipiga kwenye ubao mzito ulioning'inia, risasi ikazama humo, na ubao ukabembea polepole kiasi cha jicho kuona. Utepe uliofungwa kwenye ubao ulivutwa na kuonyesha umebembea umbali gani. Kutokana na umbali huo alipata kasi ya ubao, na kutokana na kasi ya ubao akapata kasi ya risasi. Kwa njia hiyo aligundua kwamba hewa huikinza risasi kwa nguvu kubwa mara nyingi kuliko uzito wa risasi yenyewe, jambo ambalo mafundi wengi wa mizinga walikuwa wakilipuuza.

Ugunduzi huo unatuhusu hapa. Lamadi iko zaidi kidogo ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ile ya Tanga kwa takriban sehemu moja katika kumi. Hata joto la baruti hubadili kasi ya risasi. Jedwali lililochapishwa katika nchi ya baridi, kando ya bahari, si kweli kamili kwa Lamadi. Ng'ambo ya lango la Ndabaka, daktari wa wanyamapori anayempiga mnyama sindano ya usingizi kwa bunduki hukabiliwa na swali hilohilo: sindano ikienda polepole mno haifiki, ikienda kasi mno inamjeruhi mnyama.

Penduli ya Robins inaweza kutengenezwa chini ya mwembe. Chukua bonge la udongo mbichi la kilo moja, ulining'inize kwa kamba ya mita mbili, na ulipige kwa manati kwa kidonge cha udongo cha gramu 10. Kidonge kikinata, na bonge likisogea sentimita 13 na nusu hivi, kidonge kilikuwa kikienda mita 30 kwa sekunde. Watu wasimame nyuma ya mpigaji, wala asipigwe ndege wala mbuzi wa jirani.

Hapo pana mtego mzuri wa kufundishia. Wanafunzi wengi watasema kwamba nishati yote ya kidonge imeliinua bonge, na watapata mita 3 kwa sekunde. Waulize habari za Filbert Bayi. Mwaka 1974 huko Christchurch alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, yaani zaidi kidogo ya mita 7 kila sekunde. Je, Bayi angeweza kulipita jiwe la manati kwa mbio za mara mbili yake? Darasa litacheka, kisha litanyamaza, na katika kimya hicho ndipo mwalimu aeleze kwamba momenta imehifadhiwa lakini sehemu kubwa ya nishati imepotelea katika kuufinyanga udongo.

Nililiona zoezi hili likifanywa na kikundi cha wanafunzi katika pande hizo. Walipata 31, 29, 30, 32, kisha 21. Kijana mwenye daftari akataka kuifuta 21. Binti mmoja, aliyelelewa katika mashamba ya mpunga, akamzuia, akaichukua manati, akaunyoosha mpira wake uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Karibu na panda ulikuwa umechanika nusu. Wakafunga mpira mpya, wakapiga tena mara tano, nayo 21 ikabaki daftarini na maelezo yake pembeni.